Magita Matatu Baada ya Umeme Kukatika

Neno jazi si geni vijijini kwetu. Wazee wakisema "jazi" wana maana ya bendi ya dansi yenye magita. Ukiwauliza habari za jazi ya Marekani, wengi watakuambia hawaijui. Hata hivyo jina ni lile lile, na lilitoka huko huko.

Bendi zetu zilianza kujiita jazi zamani. Dar es Salaam Jazz Band ilianzishwa mwaka 1932. Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi, ilianzishwa mwaka 1964. Palikuwa pia na Western Jazz, Tabora Jazz, Kilwa Jazz na nyingine nyingi. Lakini muziki wenyewe ulikuwa na damu ya Kuba zaidi kuliko ya Marekani. Tangu miaka ya 1930 santuri za Kuba ziliuzwa Afrika. Vijana walizisikiliza kwenye gramafoni, wakaiga, kisha wakatia Kiswahili chao na ngoma za kwao. Ndiyo maana Salum Abdallah, mzaliwa wa Morogoro, aliiita bendi yake Cuban Marimba.

Nimeanza na haya kwa sababu nataka kueleza jambo nililolisikia katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kilosa, ambako ninafanya kazi ya ugani. Mimi si mwanamuziki. Nilisoma cheti cha kilimo katika chuo cha Ilonga. Kazi yangu ni mahindi, ufuta, mbaazi na kupambana na viwavijeshi. Lakini masikio ninayo, kama wewe.

MKUTANO WA MAVUNO

Jumamosi moja ya mwezi Julai 2024 kikundi cha wakulima wa ufuta kilifanya mkutano wake wa mwaka. Mahesabu yalisomwa asubuhi. Mchana watu walikula wali na nyama. Jioni ilipangwa iwe burudani. Wanachama walikuwa wametenga shilingi 60,000 kwa ajili hiyo. Walimkodi kijana mmoja mwenye spika kubwa mbili. Walimpa shilingi 30,000 kwanza, na nyingine alikuwa apewe mwisho.

Kijana alianza saa kumi. Alipiga singeli kwa nguvu hata kuku wakakimbilia migombani. Vijana walifurahi sana. Ilipofika saa kumi na moja kasoro, umeme ulikatika. Tulingoja. Saa kumi na moja u nusu bado. Watu walianza kuchukua viti vyao na kuondoka.

Hapo mzee mmoja alimwita mjukuu wake akamnong'oneza. Mtoto alikimbia. Baada ya muda alirudi na gita limefungwa kwenye kanga. Nyuma yake walikuja wazee wawili, kila mmoja na gita lake. Yote matatu yalikuwa magita makavu, yaani yasiyotumia umeme. Waliketi kwenye benchi chini ya mwembe, karibu na mzani wa ufuta.

Watatu hawa nitawataja kwa kazi zao tu. Mzee wa solo ni mkulima wa ufuta na mahindi. Alizaliwa mwaka 1951. Mzee wa ridhimu ni fundi cherehani. Mzee wa besi alikata mkonge kwa miaka mingi upande wa Kimamba, na viganja vyake ni vigumu kama gome la mti.

Kwanza walikuwa wanne. Wa nne alikuwa mwimbaji wao. Alifariki mwaka 2021, na tangu hapo hawakuwa wamepiga mbele ya watu. Jambo hili nililijua baadaye. Siku ile niliona tu kwamba hakuna aliyefungua mdomo kuimba.

KUPATANISHA NYUZI

Huenda hujawahi kulishika gita, kwa hiyo nitaeleza kidogo. Gita lina nyuzi sita. Ya kwanza ni nyembamba kuliko zote, ya sita ni nene. Shingo lina vyuma vyembamba vilivyopachikwa kwa kukingama. Ukiubana uzi nyuma ya chuma, sehemu inayolia inakuwa fupi, na sauti inapanda. Chuma cha kumi na mbili kiko katikati kabisa ya uzi. Ukibana hapo, nusu ya uzi ndiyo inayolia, nawe unasikia sauti ile ile ya uzi mtupu, ila ni ya juu zaidi. Ni hesabu tu, kama kugawa shamba.

Kupatanisha nyuzi hakuhitaji chombo. Mzee wa solo alibana uzi wa sita kwenye chuma cha tano. Sauti iliyotoka ndiyo inayotakiwa kwa uzi wa tano ukiwa mtupu. Alizungusha kigingi mpaka zikalingana. Akafanya hivyo kwa uzi unaofuata, na unaofuata. Uzi wa pili peke yake hutafutwa kwenye chuma cha nne cha uzi wa tatu. Alipomaliza lake, wenzake wawili walifuata sauti ya gita lake. Kazi hii ilichukua kama robo saa. Watoto walichoka. Watu wazima walikaa kimya, wakitazama.

Gita la mzee wa besi lilikuwa na nyuzi nne tu. Alikuwa ameziondoa zile mbili nyembamba. Bendi zenye umeme zina gita la besi lenyewe, lenye nyuzi nne nene na ndefu, na sauti yake iko chini zaidi. Yeye hana. Lakini nyuzi nne za chini za gita la kawaida zina mpangilio ule ule wa besi, kwa hiyo vidole vyake havikupotea njia.

WALIVYOPIGA

Walianza polepole. Mzee wa besi alitangulia peke yake, noti chache, zenye nafasi kati yake. Kisha ridhimu iliingia. Mpiga ridhimu hapigi wimbo. Anashika kipande kifupi katikati ya gita na kukirudia, kukirudia, bila kuchoka, na bila kuharakisha hata kama moyo wake unataka. Hii ndiyo kazi ngumu kuliko zote, ingawa watu hawaishangilii. Fundi cherehani huyu ameishi maisha yake yote na mguu kwenye kikanyagio cha cherehani. Pengine ndiko alikojifunza.

Halafu solo. Mzee hakutumia kile kipande cha plastiki cha kukwangulia nyuzi. Alipiga kwa kidole gumba, na mara moja moja alisaidia kwa kidole cha shahada. Sauti ya gumba si kali. Ni ya mviringo, kama ya mtu mzima anayesema bila kupaza sauti. Kwa sababu hapakuwa na spika, ilitulazimu tusogee. Walioondoka na viti vyao walivirudisha.

Wimbo ulikuwa wa zamani. Wakubwa wote waliujua. Sasa sikilizeni jambo hili. Mahali ambapo mwimbaji alitakiwa aingie, mzee wa solo alipiga ule mwimbo wenyewe kwenye gita, neno kwa neno. Alipumua pale ambapo mwimbaji angepumua. Penye kibwagizo alinyamaza. Ridhimu na besi ziliendelea, na pale pakabaki wazi.

Mara ya kwanza pakabaki wazi hivyo hivyo. Mara ya pili mama mmoja nyuma yangu alikijaza kibwagizo kwa sauti ndogo. Mara ya tatu waliimba kama watu ishirini. Hawakuimba kwa nguvu, maana wangeyafunika magita. Mke wa yule marehemu alikuwepo. Alikuwa ameketi na wanawake wenzake karibu na masufuria. Hakuimba, wala hakulia. Alikuwa akipiga makofi mawili mawili kwa mapigo ya besi, na alikuwa sawasawa kabisa.

Katika wimbo wa tatu, ule uzi wa kwanza wa gita la solo ulikatika. Ulilia kama fimbo. Mzee hakusimama. Alihamisha mkono wake akatafuta sauti zile zile kwenye uzi wa pili, juu zaidi kwenye shingo. Ridhimu haikutikisika. Kijana mwenye spika, aliyekuwa amesimama amefunga mikono, alifungua mikono yake akasogea mbele.

Walipiga karibu saa mbili. Umeme ulirudi saa moja na robo usiku. Taa ya ofisi ya kikundi iliwaka. Hakuna aliyesema spika ziwashwe.

MTU WA MAREKANI MWENYE GUMBA

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alikuwa amekaa karibu nami. Baada ya muziki alimwendea mzee wa solo. "Shikamoo, Mzee. Nani alikufundisha kupiga kwa gumba?"

"Marahaba. Hakuna aliyenifundisha. Nilianza na gita la debe. Nyuzi zake zilikuwa waya wa breki ya baiskeli. Ukipiga na kitu kigumu linalia kama bati. Gumba linatuliza."

Mwalimu alitoa simu yake akampigia rekodi ya Wes Montgomery. Huyu alikuwa mpiga gita wa jazi wa Marekani, mweusi, mzaliwa wa mji wa Indianapolis mwaka 1923. Alipiga kwa gumba. Inasemwa kwamba alianza hivyo ili asiwasumbue majirani usiku. Alikuwa na mke na watoto wengi. Mchana alifanya kazi kiwandani, na usiku alipiga katika vilabu. Mwaka 1959 alirekodi santuri akiwa na wenzake wawili tu, mmoja wa kinanda na mmoja wa ngoma. Alifariki mwaka 1968, akiwa na miaka 45.

Mzee alishika simu karibu na sikio. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba irudiwe. Kisha alisema, "Huyu anapiga noti moja mahali pawili kwa pamoja. Ya chini na ya juu."

Mwalimu alisema ndivyo, na kwamba jambo hilo ndilo lililomfanya Wes ajulikane duniani. Mzee alijaribu kwenye nyuzi zake zilizobaki. Ilitoka, ingawa si kwa wepesi. Akacheka. "Watatu, kama sisi," alisema. "Lakini wale kila mmoja anakwenda safari yake kisha wanakutana. Sisi tunakwenda njia moja, bega kwa bega." Sijasikia mtu mwingine akieleza vizuri hivyo tofauti ya jazi ile na jazi yetu.

MAGITA HAYAKUWA YETU

Jumatatu nilipita shambani kwa mzee huyu. Tulikuwa na kazi ya kuangalia mabua ya mahindi, kwani nilimshauri asiyachome bali ayatandaze yafunike udongo. Tulipokaa kivulini nilimwuliza habari za zamani.

Aliingia katika bendi moja mwaka 1972. Jina la bendi hiyo naliacha. Ulikuwa wakati wa ushindani mkubwa. Kila bendi ilikuwa na mtindo wake wenye jina. NUTA Jazz walikuwa na Msondo, Western Jazz walikuwa na Saboso. Mjini Morogoro Mbaraka Mwinshehe alikuwa akipiga solo na kuimba katika Morogoro Jazz, mpaka mwaka 1973 alipotoka akaunda Super Volcano. Mbaraka alifariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi Januari 1979. Salum Abdallah naye alikuwa amefariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Mzee alihesabu vifo hivi kwa vidole, kama mtu anayehesabu ndugu zake.

Nilimwuliza kwa nini aliacha bendi. Alisema aliugua miezi mitatu mwaka 1985. Alipopona alikuta mtu mwingine ameketi kwenye kiti chake, na gita lake amelishika.

"Gita lako?"

"La bendi, Bwana Shamba. Sisi tulikuwa na vidole tu. Magita hayakuwa yetu. Spika, ngoma, hata mashati tuliyovaa, vyote vya mwenye bendi. Niliondoka na vidole vyangu."

Habari hii si ya mtu mmoja. Wapigaji wengi wa miaka ile hawakuwa na vyombo. Bendi nyingine zilikuwa za mashirika, chama au majeshi, na wapigaji walipata mshahara na vyombo vya shirika. Nyingine zilikuwa za watu binafsi au vilabu, nao waligawana mapato ya mlangoni baada ya gharama kutolewa. Kwa njia zote mbili, siku ya kutoka mtu alitoka mikono mitupu. Sauti zao zilirekodiwa Redio Tanzania, na nyingi bado zinasikika. Lakini mtu anaweza kuisikia solo yake mwenyewe redioni huku nyumbani kwake hakuna gita.

Mzee huyu alikaa bila gita kwa miaka kumi na tisa. Mwaka 2004 aliuza ufuta, akanunua gita kavu lililotumika. Alinionyesha lilivyofungwa gundi ubavuni. Hulitunza mbali na jua na mbali na moshi wa jikoni. Akimaliza kupiga hulifuta nyuzi kwa kitambaa kikavu, kwa sababu jasho la mkono huzitia kutu. Akijua hatapiga kwa muda mrefu huzilegeza kidogo, shingo lisipinde. Wenye magita mnaosoma gazeti hili, fanyeni hivyo.

MJADALA WA SHILINGI 30,000

Wiki iliyofuata kamati ya kikundi ilikaa. Nilialikwa kwa habari ya mbegu. Lakini kabla ya mbegu likaja jambo la zile shilingi 30,000 zilizobaki. Zipewe nani?

Kijana mwenye spika alisema ni zake. Umeme kukatika si kosa lake. Alileta vyombo kwa bodaboda, na alikuwa tayari kuendelea uliporudi. Alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Mjumbe mmoja alisema zirudi kwenye mfuko. Wazee wale ni wa hapa hapa, walipiga kwa furaha yao, na soda walikunywa. Wengine waliitikia kwa vichwa.

Mama mweka hazina aliweka kalamu chini. "Paa la ghala letu nani aliliezeka?" aliuliza. Wakamtaja fundi, ambaye ni wa kijiji hiki. "Tulimpa soda?"

Watu walicheka, lakini kicheko kiliisha upesi. Yule mjumbe alisema kuezeka ni kazi, gita ni mchezo. Mama akamjibu, "Basi mchezo huo jaribu kuucheza wewe kwa saa mbili."

Mwenyekiti aliniuliza mimi. Nilisema nionavyo. Sisi mabwana shamba kila siku tunawaambia wakulima wasiuze jasho lao kwa bei ya kutupa. Tunawaambia wapime ufuta kwa mzani, wasikubali kukadiriwa kwa macho. Mkono wa mzee yule umetengenezwa kwa zaidi ya miaka hamsini. Sioni kwa nini ukadiriwe kwa macho. Kijana naye alifanya kazi ya karibu saa moja, na ameshapokea nusu ya fedha yote. Kwangu mimi hajadhulumiwa.

Kijana alinitazama vibaya, nami simlaumu. Mwisho kamati ilikubali kwamba wazee wapewe, na kwamba mwakani kijana akodiwe tena kama umeme utakuwepo.

Wazee waliitwa. Mzee wa solo alizikataa fedha mkononi. Alisema, "Zikifika nyumbani zitakwenda kwenye mbolea. Mtakuwa mmeninunulia mbolea. Tununulieni nyuzi." Mimi kama Bwana Shamba sikuona la kusema juu ya mbolea. Nilipewa fedha ile ninunue nyuzi nikienda mjini Morogoro. Zilitosha seti mbili, na uzi mmoja mmoja kwa ajili ya akiba.

JUMAPILI CHINI YA MWEMBE

Siku nilipoleta nyuzi nilimkuta yule kijana wa spika nyumbani kwa mzee wa besi. Alikuwa amewarekodi kwa simu siku ya mkutano, bila kumwambia mtu. Alikuja kuwasikilizisha. Sauti ilikuwa na kelele za watoto na mbuzi, lakini magita yalisikika. Wazee walibishana sana juu ya noti moja ya wimbo wa pili. Kila mmoja alisema mwenzake ndiye aliyekosea.

Kijana aliomba afundishwe. Wengine wawili walimfuata. Wanakutana Jumapili baada ya saa kumi. Mmoja aliacha baada ya wiki ya pili, vidole vilimwuma. Wa pili amekwenda Dumila kutafuta kazi. Amebaki yule wa spika.

Alitaka kuanza na solo. Mzee alikataa. Amempa lile gita la nyuzi nne, na mzee wa besi anakaa ubavuni kwake akimgonga goti kwa kiganja kila anapoharakisha. Mke wa marehemu huja mara nyingine na mboga zake za kuchambua. Yeye ndiye anayejua maneno yote ya nyimbo za mumewe, na mwalimu wa shule ameanza kuyaandika kwenye daftari. Mpaka ninapoandika, daftari lina nyimbo kumi na moja, na kijana anaweza kupiga mbili na nusu.